Nakili Kama Ilivyo

Watu wa Sumbawanga waliposikia kwamba Mwalimu Method yuko Amerika anaangalia televisheni na kulipwa mshahara, walisema Mungu hana upendeleo, ila kwa Method alijisahau kidogo. Shemeji yake aliandika barua ya kurasa mbili akiomba naye atafutiwe nafasi ya namna hiyo, hata kama ni ya kuangalia redio. Method hakuijibu. Angejibu nini? Kwamba vipindi vyenyewe havioni, anaona matangazo ya biashara tu, na kwamba ikifika saa kumi jioni macho yanamwasha kama mtu aliyemenya vitunguu vya harusi nzima?

Ofisi ilikuwa Beltsville, nje kidogo ya Washington, ghorofa ya pili, juu ya duka la mazulia. Chumba cha ndani kilijaa mashine za video zilizopangwa ukutani, kila moja ikirekodi stesheni moja ya Washington au Baltimore, mchana na usiku. Asubuhi kanda ziligawiwa kwa watu kumi. Kila mtu alikuwa na kiti chake, televisheni yake na kompyuta yake. Unaipeleka kanda mbio, unaruka tamthilia, unaruka habari, unaruka mpira hata kama ni fainali. Tangazo likitokea unasimamisha, unaandika limetoka saa ngapi, la sekunde ngapi, la bidhaa gani, ya kampuni gani. Kisha unaipeleka mbio tena. Makampuni yaliyolipia matangazo hayo yalitaka kujua kama kweli yamerushwa, na ofisi ile iliishi kwa kuwapa jibu. Method alikuwa na miaka miwili na nusu pale. Alikuwa ameshaliona gari lile lile likipanda mlima ule ule mara nyingi kuliko alivyopata kumwona mama yake mzazi.

Tuseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na majivuno kidogo, ya kimwalimu. Miaka kumi na minne alifundisha jiografia shule ya msingi, mpaka mkewe Elieth aliposhinda bahati nasibu ya viza wakaja huku. Chaki aliiacha lakini uchaki haukumtoka. Alikuwa na namna yake ya kazi: hakuingiza kitu kwenye kompyuta moja kwa moja kama wenzake. Aliandika kwanza kwa penseli kwenye karatasi za manjano, kwa mkato wake mwenyewe, halafu jioni ndipo anaingiza zote kwa mkupuo. Alisema kompyuta inamkatiza mawazo.

Machi ya mwaka 1997 akaletwa Chepkoech. Alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Bomet, mwenye sauti ya chini na kicheko cha ghafla. Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, kuwainua kitandani na kuwakalisha, kuwainua kwenye kiti na kuwalaza. Siku moja mzee mmoja mnene aliteleza bafuni, Chepkoech akamdaka asianguke. Mzee hakuumia. Aliyeumia ni Chepkoech, mgongo, na daktari akamwambia asiinue tena kitu kizito kuzidi galoni la maziwa. Wazee wazito kama galoni la maziwa hawapo, kwa hiyo kazi ikaishia hapo.

Siku ya kwanza alikishika kile kiti cha magurudumu, akakikalia taratibu, akaweka kimto chake mgongoni, akacheka.

"Mwalimu, hii ndio kazi? Kukaa?"

"Kukaa na kuandika, dada."

"Basi Mungu amenikumbuka."

Method ndiye aliyepewa amfundishe, kwa sababu msimamizi wao, Peterson, aliamini kwamba Waafrika wote wanasema lugha moja. Safari hiyo alibahatisha. Peterson alikuwa Mmarekani mpole, mla karoti mbichi, na alikuwa na sheria moja tu aliyoibandika ukutani: kila mtu na kanda zake, kila mtu na namba yake. Namba ya Method ilikuwa sita. Chepkoech akapewa tisa.

Alikuwa mwanafunzi mwepesi lakini muulizaji. Na hii je? Na kampuni ikiwa na bidhaa mbili? Na tangazo likikatwa katikati? Method alimjibu wiki ya kwanza. Wiki ya pili uchaki ukapanda.

"Dada, maswali mengi yanachelewesha somo. Tazama nilivyoandika, nakili kama ilivyo."

Hayo ndiyo maneno aliyowaambia darasa la tano miaka yote. Kuna mtoto aliwahi kuuliza kwa nini Ziwa Rukwa mwalimu amelichora karibu na Mombasa, akaambiwa anyamaze anakili kama ilivyo. Chepkoech akasema sawa mwalimu, na tangu siku hiyo hakuuliza sana. Alimletea chai ya maziwa kwenye chupa, wakawa wanakunywa pamoja saa nne, na Method akajisifu kwa Elieth kwamba amepata mwanafunzi mwenye adabu.

Ikaja Ijumaa moja ya Oktoba. Jioni ile kulikuwa na sherehe ya kumuaga binti wa Kitanzania aliyekuwa anaolewa, ukumbini Columbia, na mshereheshaji alikuwa Method. Sherehe ilianza saa kumi na mbili. Angeweza kumaliza kazi yake, akaoga na kuwahi vizuri. Lakini alitaka kunyolewa, na suti ilikuwa bado kwa dobi, na alitaka kupitia pitia vichekesho vyake mbele ya kioo. Ilipofika saa sita mchana akachukua karatasi zake za manjano akamwekea Chepkoech mezani.

"Dada, nisaidie kuingiza hizi. Kanda zote nimeshaziangalia, zimebaki kuingizwa tu."

Chepkoech akatazama ukutani kwenye ile sheria. "Na Peterson akijua?"

"Peterson yuko kwenye mkutano Washington. Nani atamwambia?"

Akazipekua. Method alikuwa ameshaingiza mkono mmoja kwenye koti.

"Mwalimu, hapa umeandika kolg. Hii ni kolg ya—"

"Nakili kama ilivyo," Method akasema, akaingiza mkono wa pili, akaondoka.

Sherehe ilifana. Walicheka mpaka wazee wakajifuta machozi, na bibi mmoja wa Bukoba akamwambia Method kwamba kipaji chake kinaozea Beltsville. Alilala na maneno hayo.

Ilikuwa katikati ya Novemba Peterson alipowaita wote kumi kwenye chumba cha mikutano, bila karoti. Kulikuwa na kampuni changa ya dawa ya meno huko Baltimore, akasema. Ilikuwa na tangazo jipya la babu anayeng'ata tufaa, na wiki ya kwanza walitia nguvu zao zote kwenye stesheni moja. Taarifa iliyotoka ofisi hii ikasema tangazo la babu halikurushwa hata mara moja siku nzima. Kampuni ikaishtaki stesheni kwamba imewadanganya. Stesheni ikatoa kanda zake, na babu yumo, anang'ata tufaa mara thelathini na moja. Sasa kampuni imeondoka, stesheni imeudhika, na wakubwa wanataka jibu. Mahali pa babu, mara zote thelathini na moja, taarifa ilikuwa imeandika Colgate.

Method akajua kosa ni la nani.

Kwa sababu kwetu, msomaji unajua, dawa ya meno yoyote ni kolgeti. Sabuni ya unga yoyote ni omo, na rangi ya viatu ni kiwi hata iwe imetengenezwa wapi. Mtu anatumwa dukani kolgeti, anarudi na chochote cha kupigia mswaki, na hakuna anayegombana. Ile dawa ya Baltimore ilikuwa na jina refu la kigeni, na siku ile Method alikuwa na haraka, akaandika kolg., akijua kichwani mwake kwamba maana yake ni dawa ya meno, ile ya babu, nitaijaza jioni. Jioni yenyewe alikuwa mbele ya kioo, na Chepkoech akaingiza Colgate. Ni kazi ya kutaja jina la kila kitu, na yeye akaandika kama anamtuma mtoto dukani.

"Namba tisa," Peterson akasema. "Chepkoech, ni wewe uliyeingiza?"

"Ndiyo," Chepkoech akajibu kwa Kiingereza chake cha polepole. "Nilinakili kama ilivyokuwa."

Wenzake wakadhani anasema juu ya kanda. Aliyeelewa alikuwa mtu mmoja tu mle ndani, na huyo alikuwa anatazama kifungo cha shati lake.

Peterson akauliza kama kuna yeyote mwenye la kusema. Aliuliza kwa upole, akasubiri, akauliza tena. Miaka kumi na minne Method alisimama mbele ya watoto akiwaambia anayejua anyooshe mkono. Sasa mikono yake miwili ilikuwa juu ya magoti na ilikuwa mizito. Akamwona Chepkoech akimtazama. Hakumtazama usoni, alitazama ile mikono. Kisha akageuka akatazama meza.

Baadaye Method alijipa sababu nyingi. Kwamba wangefukuzwa wote wawili badala ya mmoja. Kwamba mwanawe Gervas yuko seminari na anamtegemea. Kwamba Chepkoech naye alivunja sheria, na kwamba kama angetaka kumtaja angemtaja. Sababu zote hizo alizipata akiwa njiani kwenda nyumbani. Pale mezani aliogopa, basi.

Chepkoech alifungasha siku ile ile: chupa ya chai, sweta, kile kimto cha mgongoni. Alipopita kwenye kiti cha Method alisema, "Kwaheri, mwalimu," akaenda.

Kampuni ya dawa ya meno iliacha kununua taarifa za ofisi, lakini matangazo yake haikuacha kuyarusha, na kazi ya Method ilikuwa kuandika kila tangazo. Kwa hiyo babu alikuja. Alikuja asubuhi kabla ya habari, akaja mchana katikati ya tamthilia, akaja jioni mara mbili kwa mpigo. Anachukua tufaa, analing'ata, kruu, anacheka na meno yake yote. Method anasimamisha kanda, anaandika lile jina refu herufi kwa herufi, bila mkato. Siku nyingine aliliandika mara arobaini. Akiipeleka kanda mbio, babu alikuwa anamcheka mbio mbio.

Akaanza kukosa usingizi na kuwa mkali bila sababu. Aliombwa ashereheshe harusi mbili, akasema ana mafua. Ile karatasi ya manjano aliikuta mezani kwa Chepkoech siku dada huyo alipofukuzwa, akaichukua kabla mtu mwingine hajaiona, akaificha nyumbani ndani ya atlasi yake ya zamani. Angeweza kuichana. Kila wiki alisema ataichana.

Mwezi wa Aprili, Elieth akarudi kutoka kanisani na habari. Alikuwa anachambua mchicha huku anaongea.

"Yule dada wa Kikalenjini mliyekuwa naye kazini, yule wa chai. Si alirudi kuinua wazee? Wamama wa Kikenya wanasema mgongo umegoma kabisa, yuko ndani wiki ya tatu, anatembea kwa kushika ukuta. Hivi kwa nini aliacha ile kazi yenu ya kukaa?"

Method akakaa chini. Akamweleza yote, tangu kinyozi mpaka kifungo cha shati. Elieth akaacha mchicha.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo. Nauliza ulikuwa wapi."

Elieth akaurudia mchicha, majani mabovu akiyatupa pamoja na mazima. "Mimi nitakuombea, Baba Gervas," akasema. "Lakini kwa Peterson siendi mimi, na kwa yule dada siendi mimi."

Jumatano Method akaingia kwa Peterson na ile karatasi. Alikuwa amejiandaa kwa kufukuzwa. Hata droo yake alikuwa ameshaisafisha. Alieleza kolg. ni nini, na kwa nini, na nani alimkataza nani kuuliza. Peterson akaigeuza karatasi huku na huku, akavua miwani.

"Hii ni Aprili, Method," akasema. Kanda zile zimeshafutwa na kurekodiwa juu yake. Mteja hatarudi. Kile kiti kimeshapata mtu, na kabla ya mwaka kwisha italetwa mashine inayoyatambua matangazo yenyewe, viti vitano vitaondolewa, kwa hiyo hata angetaka kumrudisha Chepkoech hana pa kumkalisha. "Ulikosea. Umesema ukweli. Asante. Rudi kazini."

Method akasimama pale, anangoja. Yeye alipata kuwachapa watoto viboko vinne kwa kuchelewa paredi. Alitaka agombezwe angalau, na huyu mtu akawa anatafuta karoti yake. Akarudi kwenye kiti, akaweka kanda, na tangazo la kwanza lilikuwa babu.

Jumamosi, kama saa tano asubuhi, akapanda ngazi za jengo moja la Langley Park mpaka ghorofa ya tatu. Mlango ulifunguliwa na mpangaji mwenza wa Chepkoech, aliyekuwa anatoka kwenda kazini na sare yake ya uuguzi. Akamwonyesha ndani, akaondoka.

Chepkoech alikuwa amelala kwenye godoro lililowekwa sakafuni, maana kitanda kilikuwa kinabonyea. Alikuwa amepungua. Hakuweza kugeuka mzima, aligeuza shingo.

"Ni mwalimu? Karibu. Vuta hicho kiti, samahani siwezi kuamka."

"Pole, dada. Pole sana."

"Nishapoa."

Method akakaa, akatoa karatasi ya manjano, akampa. Maneno aliyoyapanga njia nzima yakamkimbia, akabaki na machache. "Kosa lilikuwa langu. Nimekwenda nimemwambia Peterson."

Chepkoech akaisoma ile karatasi kana kwamba ni ndefu. "Umemwambia lini?"

"Jumatano."

"Hii Jumatano juzi?"

"Ndiyo."

Nje kulikuwa na gari la aiskrimu linapiga kengele zake.

"Unajua, siku hiyo kwa meeting nilikuwa naangalia mkono wako," akasema. "Si eti nilikuwa na hasira. Nilikuwa najiambia tu, saa hii mwalimu atauinua. Peterson akauliza tena, nikasema, sasa ndio anauinua."

"Mbona hukunitaja?"

"Mwalimu wangu? Nikutaje aje?"

Method akajifuta uso kwa kiganja. "Nisamehe, dada."

"Nimesikia," Chepkoech akasema. Method akaona aibu kumkamua neno jingine. Akauliza kama kuna chochote anachoweza kumletea dukani. Chepkoech akakataa mara mbili, ya tatu akakubali, kwa kuwa mwenzake angerudi jioni sana.

"Basi andika. Maziwa, ile ndogo, nisije nikashindwa kuiinua. Mkate. Ndizi. Na kolgeti, imeisha tangu jana."

Karatasi aliyokuwa nayo ni ile ile ya manjano. Akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa penseli: maziwa, mkate, ndizi, kolgeti. Akashuka.

Dukani alitia maziwa madogo kikapuni, akatia mkate na ndizi, akaenda kwenye rafu ya mwisho. Zilikuwa za aina thelathini au zaidi, toka magotini mpaka juu ya kichwa chake. Zote alizijua. Angeweza kuzitaja moja moja kwa sauti za matangazo yake, ya familia kwenye theluji, ya daktari wa meno mwenye pacha, na pale katikati ilikuwepo ya babu, tufaa limechorwa kwenye boksi. Akaisoma tena orodha, mwandiko wake mwenyewe. Kolgeti. Mkono ukaenda kwenye boksi la kwanza ukarudi. Akamfikiria mtu aliyelala sakafuni, pengine ufizi unamuuma, pengine kuna moja tu inayomfaa, na yeye hajauliza. Dada mmoja wa dukani akamsogelea akamuuliza anahitaji ipi, na Method akamwambia hajui.

Akaacha kikapu kwa mtu wa kaunta, akarudi. Akapanda ghorofa zote tatu akihema, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba alijihisi amefanya kitu sawasawa. Akabisha hodi.

Ndipo akakumbuka kwamba ndani hakuna mtu mwingine wa kufungua. Akamsikia Chepkoech akijiinua, polepole, akiguna. Akasikia kiganja kikiburuzwa ukutani, hatua moja, kimya, hatua nyingine. "Usiamke, dada!" akaita, "Nitauliza tu hapa hapa mlangoni," lakini hakusikika, au alisikika na adabu ikakataa kumwacha mgeni nje. Ilichukua muda mrefu. Mlango ukafunguka, Chepkoech ameshika kizingiti kwa mikono miwili, jasho limemtoka kwenye paji la uso.

"Samahani, dada," Method akasema. "Ni kolgeti gani?"

Chepkoech akamtazama, pumzi zikimrudia.

"Hilo swali nilikuuliza mimi, mwalimu," akasema. "Ulikuwa umeshavaa koti."